Mrejesho: Tulivyomuenzi profesa wetu

Wakuu, ahadi ni deni. Niliwauliza tumuenzi vipi marehemu profesa wetu wa historia ya sanaa bila kuishia kwenye picha ya fremu na hotuba. Aliyeshauri twende Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani kule Kondoa, asante sana.

Tulitoka Dodoma alfajiri, tukashika barabara ya Kondoa, watu tisa kwenye Noah moja (msiulize tulikaaje). Pale Mongomi, moja ya miamba hiyo yenye michoro, ndipo profesa alipokuwa akitusimamisha enzi zake mbele ya mwamba, kimya, hadi macho yazoee: kwanza doa jekundu, kisha shingo ya twiga, kisha watu wembamba kama njiti. Ukinyanyua chupa ya maji ili uloweshe mchoro ung'ae, unarudishwa kwenye gari. Maji yanauharibu. “Mary Leakey, yule mwanaakiolojia, alikaa hapa 1951 akinakili michoro,” alikuwa akisema, “wewe una haraka ya nini?”

Hotuba hazikuwepo. Tulisimama tu, kama nusu saa hivi. Mdogo wetu wa mwaka wa mwisho akaonyesha kidole: mnyama mwenye pembe, chini kushoto. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona.