Upepo wa tairi: 28, 32 au 40? Mnajaza ngapi hapa Mombasa?

KijanaKisauni
Asalaam aleikum wakuu. Nina Vitz, kila siku ni Kisauni hadi Shimanzi, na foleni ya daraja la Nyali mwaijua. Mwisho wa mwezi napanda Voi na wazazi na magunia yao. Fundi wa pancha mtaani hujaza 40 bila kuuliza, asema tairi ngumu haili mafuta. Gari sasa laruka matuta kama punda. Shemeji yangu naye ashikilia 28, ati ndipo yakaa laini. Nimsikize nani?

BabaSwaleh
Waaleikum salaam. Wote wawili wakupoteza. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzoni, kuna kibandiko. Magari ya Japani huandika kwa kipimo cha kPa, si psi hizi tunazotaja: kPa 220 ni kama psi 32, 250 ni kama 36. Ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Hapo ndipo mafundi wengi huteleza.

DadaNyali
Mimi nilitembea na 40 mwaka mzima. Tairi zikaliwa katikati hadi zikang'aa, kandoni vijino vingali vipya. Masika nikakanyaga breki pale Kongowea, gari likaserereka hadi nyuma ya tuktuk. Sasa naweka 33, na mafuta sijaona tofauti ya kusimulia.

MzeeWaLikoni
Mwacheni shemeji wa watu. Sisi wa feri mwendo wetu ni wa kusukumana tu, 28 itanidhuru nini?

DerevaWaTaru
Mzee wangu, kwa kungoja feri haina neno sana, japo itakula kingo za tairi. Lakini usipande nayo Voi. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake hukunjwa kila linapozunguka, na kule kukunjwa ndiko kunakozaa joto. Ongeza mzigo, mwendo wa 100 na lami ya saa nane mchana. Mimi la nyuma lilinipasukia Taru. Lile lililobaki upande wa pili nilipolipima lilisoma 25. Ukibeba wazazi na magunia, fuata kipimo cha mzigo kama kibandiko kinacho, hasa nyuma.

DadaNyali
Na upime alfajiri kabla ya kuwasha gari. Upepo huongezeka takriban psi 1 kwa kila digrii 5 au 6 za joto. Ukifika Voi ukakuta 36, usitoe! Zikipoa zitarudi zenyewe.

MzeeWaLikoni
Na ile naitrojeni wanayotuuzia?

BabaSwaleh
Hewa ya bure ina asilimia 78 ya hiyo hiyo naitrojeni. Nunua geji ya kupimia upepo.

KijanaKisauni
Nimerudi. Kibandiko kilikuwa chini ya vumbi, 220. Nimepima leo baada ya swala ya alfajiri: matairi matatu yako 38, la nyuma kushoto 27! Nikatia mate kidogo kwenye valvu, yakatoa povu. Kumbe nimekuwa nikimlaumu fundi kwa ugumu, na tairi moja limekuwa likivuja kimyakimya. Valvu imebadilishwa, yote sasa 32. Fundi ananitazama geji mkononi kama nimeshika bunduki.

MzeeWaLikoni
Hiyo geji niazime Ijumaa.