Wauza lenzi za skopu, andikeni namba ya mbano! Lenzi ya 1.5 si lenzi ya mkanda wa 2

Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja, maana hasira ikipoa nitaanza kuwa mpole na leo sitaki.

Kuna tabia imeota mizizi kwa wauzaji wa lenzi za zamani mtandaoni. Lenzi yoyote inayotanua picha wanaiita anamofiki, wanaandika "Super 8, 16mm, skopu, inafaa kabisa", wanaipiga picha juu ya kitambaa cheusi, kisha wanaweka bei ya kuua mtu. Namba ya mbano, yaani lenzi inatanua picha mara ngapi, hakuna. Ukiuliza unajibiwa kwamba ni ya Kijerumani. Ndugu, nimeuliza mbano, sijauliza uraia wake!

Kwa wasiofahamu: Super 8 ni mkanda mwembamba wa filamu, wa milimita 8, na fremu yake ni kadude ka takriban milimita 5.8 kwa 4, na picha inayotoka kwenye projekta ina uwiano wa kama 1.33 kwa 1. Ili picha pana ya sinema, ndiyo skopu yenyewe, iingie humo, inabanwa upana wake hadi nusu. Ukiimulika hivyo hivyo, kila mtu ni mrefu mwembamba. Ndipo unaweka lenzi ya pili mbele ya ile ya projekta, inatanua upana peke yake, kimo haikigusi. Hiyo ndiyo anamofiki. Ujanja huo ni wa Mfaransa Henri Chrétien, wa miaka ya 1920. Studio ya filamu ya Fox wakauchukua wakautoa kwa jina la CinemaScope mwaka 1953. Nakala za skopu za Super 8, zikiwemo nilizonazo za Derann, waliokuwa wauza filamu wa Dudley, hapa hapa Uingereza ninapoishi, zilifuata mbano uleule wa 2. 1.33 mara 2, unapata 2.66. Ukuta mzima unajaa.

Sasa, lenzi za 1.5 zipo, na wala si mbovu. Bolex Möller kwa mfano ni kitu safi sana. Ila zililengwa kwa mtu anayepiga filamu yake mwenyewe: unaifunga kwenye kamera, unapiga harusi ya shemeji, ukirudi nyumbani unaifunga kwenye projekta. Kilichobanwa kwa 1.5 kinatanuliwa kwa 1.5, hakuna ugomvi. Lakini chukua mkanda uliobanwa kwa 2 uutanue kwa 1.5: unabaki na robo tatu ya upana unaotakiwa. Sura zimenyong'onyea, magurudumu ya magari ni mayai yaliyosimamishwa wima. Hicho ndicho nilichouziwa mimi, kwa tangazo lililosema "kwa kuonyesha filamu za skopu".

Na kupima hakuhitaji digrii! Washa projekta bila mkanda, upate mstatili mweupe ukutani. Pima upana. Tuseme ni sentimita 80. Weka lenzi mbele, pima tena. Ikitoka 160, ni ya 2. Ikitoka 120, ni ya 1.5. Yangu imetoa 120 na ushee, nikarudia kupima nikidhani futi ina kasoro. Huyu bwana alishindwa nini kufanya hivyo kabla ya kupokea hela ya watu?

Nitawaambia alishindwa nini. Mteja wake si mimi. Tangu kamera za DSLR zianze kurekodi video mwaka 2008, vijana wa kidijitali wamezivamia lenzi hizi, wanazifunga mbele ya kamera zao wapate ile miali ya bluu taa ikipiga kioo. Sensa yao kwenye video ni 16 kwa 9, yaani 1.78. Zidisha kwa 1.5 inatoka 2.67, wanachekelea. Zidisha kwa 2 inakuja 3.56, huo ni utepe, si picha. Kwa hiyo 1.5 zinagombaniwa, tangazo linaandikwa kwa ajili yao, halafu muuzaji anachomeka "Super 8" mwishoni ili na sisi wazee wa mikanda tunase. Kowa za 2 nazo, zile 8-Z na 16-H, hazijapona, zimepanda bei pamoja na wenzake.

Nimemwandikia arudishe hela. Kajibu ati yeye ni mtu binafsi tu, anasafisha stoo ya marehemu baba yake. Stoo gani hiyo inayozaa lenzi mpya kila wiki? Sheria ya walaji ya hapa ya mwaka 2015 inataka bidhaa ifanane na maelezo, na kanuni za 2013 zinampa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo. Zinambana mfanyabiashara. Ndiyo maana siku hizi kila mwenye duka la lenzi amekuwa mfiwa.

Na hata angeniletea ya 2, imekuja uchi, bila kishikizo. Lenzi hii inatakiwa ikae karibu kabisa na lenzi ya projekta, katikati yake, kisha uizungushe mpaka mhimili ulale sawasawa. Ikienda upande nyuzi chache tu, nguzo na milango yote inainama. Kuna mtaalamu aliwahi kunishauri niipange juu ya vitabu. Projekta inatetemeka muda wote inapovuta mkanda, hivyo vitabu vitatulia kwa dua?

Ukungu ndani ya kioo sitausemea sana. Ila kumbukeni ukitanua mara mbili kwa kimo kilekile, mwanga uleule unagawanywa kwenye eneo mara mbili. Taa yangu ni ya wati 100, tayari inahema. Ukungu kidogo tu ukaongezeka hapo, tunatazama giza.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Anayesema ninunue projekta ya kidijitali, asante, ninayo, watoto wanatazamia katuni. Anayesema "1.5 inatosha tu, nani ataona", njoo nyumbani utazame farasi wangu wenye miguu ya twiga kisha urudie hayo maneno. Na mods, msiuhamishie uzi kule Vichekesho.

Mwenye lenzi ya 2 yenye kishikizo kinachokaa kwenye projekta ya Elmo, aje PM, hela ipo. Picha za lenzi juu ya kitambaa cheusi baki nazo. Nitumie mbili za ukuta, bila lenzi na ikiwa na lenzi, futi ikionekana.