Soksi za Mama Hamisi

JUMAMOSI JIONI

Zai: Shikamooni wakubwa. Neema upo?? mama anasema vidole vya miguu vimekufa ganzi na hizo soksi za kubana alizonunua Hamisi

Neema: Nipo. Mwambie avue sasa hivi, tutaongea akishavua

Hamisi: Ngoja kwanza, soksi ni mpya kabisa na daktari mwenyewe ndo aliandika

Neema: Hamisi avue kwanza. Zai angalia vidole vina rangi gani, vimekuwa vyeupe au bluu? na vya baridi?

Zai: Amevua. Vilikuwa vimepauka kidogo sasa rangi inarudi. Ila hapa chini ya goti pana mfereji mzima umejichora mpaka nimeshtuka

Neema: Alikuwa ameikunja juu?

Mama Hamisi: Ndio mwanangu ilikuwa ndefu inapanda mpaka nyuma ya goti inanikata nikaikunja mara mbili

Neema: Shikamoo shangazi. Pole sana. Hapo ndo pabaya, ukishaikunja juu inakuwa kama mpira wa kufungia pakiti, damu inashuka vizuri tu halafu inakosa pa kupandia. Hiyo soksi imetengenezwa ibane sana kwenye kifundo halafu ilegee kidogo kidogo kadiri inavyopanda, ukikunja umeigeuza kazi yake chini juu

Mama Hamisi: Marahaba. Mimi nilidhani ikibana zaidi ndo dawa zaidi

Neema: Hapana shangazi. Hamisi ulichaguaje saizi?

Hamisi: Ya kiatu. Mama anavaa 40 nikaambiwa hiyo ni L

Neema: 😩 kiatu kinapima unyayo, hii inapima mguu. Kuna watu wana unyayo mdogo na shavu la mguu nene na kinyume chake. Cheti cha daktari kimeandikwaje, soma namba

Hamisi: 20-30 mmHg, urefu chini ya goti

Neema: Na pakiti?

Hamisi: 30-40 😬

Zai: Hamisi!!

Hamisi: Walisema 20-30 zimeisha hizi ndo kali zaidi, nikaona bora

Neema: Hizo mmHg ni milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya mkononi. 15-20 ni za kawaida, mtu anayesimama kutwa au anayesafiri masaa mengi anavaa hizo. 20-30 mara nyingi ndo wanazoandikiwa wenye mishipa iliyovimba kama shangazi. 30-40 ni nzito, za miguu iliyovimba sana au yenye vidonda vya mishipa, na anayeziamua ni daktari sio muuzaji

Sefu: Kumbe soksi nazo zina dozi

Neema: Shikamoo baba mdogo, tena dozi kabisa

Mama Hamisi: Sasa nitapimwaje

Neema: Kesho asubuhi shangazi kabla hujashuka kitandani au ukiwa umeshuka tu, sio jioni, jioni mguu umeshajaa utapata namba ya uongo. Zai achukue futi ya fundi nguo azungushe kwenye mguu juu ya mfupa wa kifundo palipo pembamba kabisa, halafu shavu la mguu palipo panene, halafu kutoka sakafuni nyuma ya kisigino hadi mkunjo wa goti ukiwa umekaa mguu umekunjwa. Miguu yote miwili maana haifanani. Kila kampuni ina jedwali lake kwahiyo namba ndo mnaenda nazo, msiende na neno L

Zai: Sawa nesi. Swali langu mimi pia jioni viatu vinakataa, nasimama tangu asubuhi mpaka usiku. Nivae?

Neema: Ukibonyeza na kidole gumba juu ya mfupa wa mbele panabaki shimo?

Zai: Kidogo, linarudi haraka. Miguu yote miwili

Neema: Basi 15-20 zitakusaidia na uwe unatembeatembea, misuli ya shavu la mguu ndo pampu ya kurudisha damu juu, ukisimama tuli pampu imezimwa. Ila ikiwa siku moja mguu MMOJA tu umevimba ghafla unauma na una joto usivae chochote usikande nenda hospitali, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Na kifua kikibana au pumzi ikikatika ndo usisubiri hata kunywa maji

Zai: Umenitisha sasa

Neema: Bora utishike

Hamisi: Lakini nani alifikiria kitu cha ajabu hivi, kubana mguu ili damu ipite

Neema: Kubana kwa bandeji ni kwa zamani sana. Hii ya kubana kwa kupungua kuelekea juu wengi wanamtaja Conrad Jobst, injinia wa Marekani, yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mishipa ya miguu, akagundua akisimama ndani ya bwawa la kuogelea maumivu yanapungua. Maji yanasukuma zaidi kwenye kina, kwahiyo kifundo kinabanwa kuliko goti. Akatengeneza soksi inayoiga maji, ilikuwa miaka ya 1950

Zai: Safi hiyo

Sefu: Neema mwanangu basi hizo za dada zilizokataa nipeni mimi zisipotee bure. Miguu yangu siku hizi nikitembea kidogo tu mashavu yanauma kama yanakazwa nasimama yanatulia naendelea. Na usiku ni ya baridi hata nikijifunika

Mama Hamisi: Mchukulie Sefu, pesa imeshatoka

Neema: HAPANA. Baba mdogo usiziguse tafadhali

Sefu: Mbona ukali

Neema: Samahani baba mdogo sio ukali. Wewe una sukari na sigara hujaacha. Mguu unaouma ukitembea na kupoa ukisimama, wenye baridi, huo sio mshipa wa kurudisha damu, inawezekana ni ule wa kuileta ndo umeziba. Shangazi damu yake inafika vizuri ila hairudi, vali za mishipa, vile vilango vinavyozuia damu isishuke tena, zimechoka. Wewe huenda hata haifiki. Sasa damu yenyewe kidogo halafu tuibane, mguu unaweza kuoza. Na sukari ikishaua hisia hutasikia kwamba inakukata kama shangazi alivyosikia

Sefu: Duh

Hamisi: Mjomba na kile kidonda cha kidole kimepona?

Sefu: Kinaendelea

Neema: Kidonda gani??? tangu lini

Sefu: Kidogo tu, kiatu kilinichubua. Muda kidogo sasa

Mama Hamisi: Sefu wewe! Na hukusema

Neema: Baba mdogo Jumatatu kliniki bila kukosa, usisubiri tarehe yako. Waambie wakupime presha ya kifundo walinganishe na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikitoka chini ya 0.9 mshipa umebanika. Na wakumbushe una sukari, maana mishipa ya mwenye sukari inakakamaa namba inaweza kuja nzuri ya uongo, hapo wanapima kwenye kidole gumba cha mguu. Kidonda usikichimbe usiloweke kwenye maji ya moto

Sefu: Nimekusikia

JUMAPILI ASUBUHI

Zai: Kwa sentimita, mguu wa kulia kifundo 23 shavu 38 urefu 39. Kushoto 24, 39, 39. Mama ameamka miguu imenywea kabisa

Neema: Safi sana. Hamisi leo ndo siku yako, rudisha zile kama wanakubali, chukua 20-30 pea mbili, moja ikifuliwa nyingine inavaliwa. Anafua kwa mkono na sabuni ya kawaida, zisianikwe juani. Baada ya miezi kama 6 mpira umelegea hata kama soksi inaonekana nzima, mnabadilisha

Mama Hamisi: Na kuvaa kwenyewe Neema, jana nilitoka jasho na bado kisigino kilikaa juu ya mguu

Neema: Shangazi usiivute kama soksi ya kawaida. Kaa kwenye kiti, ingiza mkono ndani ushike kisigino uigeuze nje ndani mpaka hapo kwenye kisigino, ingiza unyayo, kisigino kikae kwenye kisigino ndo upandishe kidogo kidogo ukilainisha mikunjo kwa viganja. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo zinashika vizuri na kucha hazitoboi. Mguu uwe mkavu, mafuta paka usiku ukishavua. Mwisho wake uwe vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Na ile amlodipini ya presha nayo inavimbisha miguu, ukirudi kliniki mwambie daktari, ila usiiache mwenyewe

Mama Hamisi: Nimeelewa. Ukisema viganja, sio kucha

Neema: Ndio hivyo hivyo

Hamisi: Mjomba kesho nakupitia saa 1 asubuhi, uwe tayari

Sefu: Sawa mwanangu. Nimeambiwa nisile?

Neema: Kula kama kawaida na dawa zako za sukari meza. Sigara ndo usivute

Sefu: Hata moja ya njiani?

Mama Hamisi: Hamisi mpekue mifuko kabla hajapanda gari

Sefu: Dada mimi nina miaka 58

Mama Hamisi: Ndo maana