Kusasisha BIOS ya laptopu yenye Ubuntu, na umeme wa Tabata ndio huu

MamaSteshenari:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina steshenari Tabata Kimanga. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana maombi ya kazi mtandaoni. Kazi yote inabebwa na ThinkPad T480 niliyonunua Kariakoo, mtumba wa Dubai, na ndani nina Ubuntu 24.04, mfumo wa Linux. Niliiweka baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja, na mpaka leo imenitulia.

Tangu wiki iliyopita inaniletea taarifa kwamba kuna sasisho za programu dhibiti. Nikifungua naona tatu: System Firmware, Thunderbolt Controller na UEFI dbx. Sijabonyeza kitu, na nina sababu.

Mwaka juzi kijana mmoja alinisaidia kusasisha BIOS ya desktopu ya dukani kwa flashi. Mstari ulikuwa umefika katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, feni ikawa inazunguka na taa inawaka, lakini kioo cheusi. Niliambiwa bodi imekufa. Ipo pale kwenye kona hadi leo, nimeifunika kitenge. Ile ndiyo iliyokuwa inanilipia kodi ya fremu, nikakaa miezi minne bila mashine.

Sasa naomba mnieleze kama mtu asiye fundi. Hizi sasisho ni za kweli au ni utapeli? Zina faida gani kwangu? Na kama ni lazima nizifanye, nifanyeje ili nisirudi kule nilikotoka?

Mzee_wa_Segerea:

Mama, achana nazo. Mashine inafanya kazi, unagusa ya nini? Mimi BIOS yangu ni ya 2017 na sijawahi kupata tatizo.

FundiBodi_Kkoo:

Marahaba, dada. Mimi ni fundi bodi Kariakoo, mashine zilizokufa hivyo nazipokea mezani kwangu, kwa hiyo pole sana, na hofu yako ina msingi.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Ubuntu ina pakiti inayoitwa linux-firmware, inakuja pamoja na sasisho za kawaida. Hiyo ni ya WiFi, bluetooth, kadi ya picha na kadhalika. Mafaili yake yanakaa kwenye diski, na kila ukiwasha mashine yanapakiwa upya kwenye kifaa. Umeme ukikatika hapo unarudia tu. System Firmware ni habari nyingine, ndiyo BIOS yenyewe, programu ya kwanza kuamka ukiwasha mashine. Hiyo inaandikwa kwenye chipu ya miguu minane iliyogandishwa kwenye bodi, ndogo kuliko ukucha. Chipu ile ikiachwa nusu imefutwa nusu imeandikwa, mashine haina pa kuanzia. Ndicho kilichotokea kwenye desktopu yako.

Utapeli? Hapana, ilimradi zimekuja kwa njia hiyo ya Ubuntu. Nyuma yake kuna programu inaitwa fwupd, aliyoianzisha Richard Hughes wa Red Hat mwaka 2015. Inachukua mafaili kwenye hifadhi inayoitwa LVFS, ambako watengenezaji wenyewe ndio wanaoyaweka. Lenovo wamo tangu 2018. Faili lina sahihi ya kidijitali, na BIOS nayo hukagua sahihi ya mtengenezaji kabla ya kukubali kuandikwa. Utapeli uko kwenye tovuti zile za "pakua BIOS ya laptopu zote". Usikanyage huko.

Mzee wangu wa Segerea, kwa heshima, sikubaliani nawe. Secure Boot ni ulinzi unaokagua sahihi ya kianzishi cha mfumo kabla ya kukiruhusu kiwake. Vyeti vyake vya Microsoft vya mwaka 2011 vinaanza kuisha Juni 2026, na vipya vya 2023 vinaingia kwa njia hizihizi. Mashine haitazima siku hiyo, lakini ikiachwa nyuma itakuja kukataa vianzishi vipya vya mfumo. Na kwa T480, hiyo ya Thunderbolt ina uzito wake. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kasoro ya kuweza kuua tundu la USB-C, Lenovo wakatoa marekebisho. Dada, tundu hilo ndilo unalochajia.

Sasa umeme. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ukiandika `fwupdmgr update`, BIOS bado haijaguswa. Faili linawekwa tu kwenye kizigeu cha EFI, sehemu ndogo ya diski, likisubiri. Umeme ukikatika wakati huo, hakuna kilichoharibika. Hatari inaanza ukiwasha upya, mstari unapotokea kwenye kioo. Na wakati ule laptopu yenye betri nzima haijali mtaa una giza au una taa. Desktopu ilikufa kwa sababu haikuwa na betri wala UPS. Kwako wewe cha kuogopa ni betri ya mtumba.

T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka. Chaji mpaka ijae, chomoa chaja, fanya kazi zako nusu saa. Ikizima ghafla huku inaonyesha bado ina chaji, usisasishe chochote mpaka ubadilishe betri. Ikivuka salama, rudisha chaja, chomoa flashi zote na printa, kisha:

`fwupdmgr refresh`
`fwupdmgr get-updates`

Soma maelezo, halafu fanya moja moja, usizibebe zote tatu kwa mkupuo. Ikigoma, ingia BIOS kwa F1, kwenye Security utafute "Windows UEFI Firmware Update" uiwashe. Jina lisikutishe, Linux nayo inapita mlango huohuo. Mstari ukishaanza, mikono mbali. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, kioo kikakaa cheusi, feni ikapiga kelele. Mtu asikubonyezee kitufe.

Lulu_Ubungo:

Naongeza kidogo. Kama diski yako imefungwa kwa usimbaji unaofunguka wenyewe kwa TPM, yaani chipu inayotunza funguo, andika ufunguo wa dharura kwenye karatasi kabla. BIOS ikibadilika, TPM inaweza kukataa kufungua. Kama unaandika nywila kila ukiwasha, usiwe na wasiwasi. Na baada ya dbx, ambayo ni orodha ya vianzishi vilivyopigwa marufuku, flashi za zamani za kusimika Ubuntu zinaweza kukataliwa Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa hiyo tengeneza mpya.

MamaSteshenari:

Nimerudi, wapendwa. Betri ndiyo ilikuwa mbovu kweli. Jaribio la kwanza ilizima dakika ya kumi na moja, inaonyesha asilimia 41. Nikaagiza ya nje mpya, nikarudia, ikavuka nusu saa bila shida.

Jumapili asubuhi nikafunga mlango wa duka, simu nikaiweka mbali. Mstari ulipoanza niliweka mikono mapajani nikaanza kusali. Kioo kilizima mara mbili. Ile ya pili ilikaa giza kiasi kwamba nilisimama kabisa, nikamkumbuka fundi: mikono mbali. Kisha nembo ikatokea, Ubuntu hiyo. `fwupdmgr get-history` inaonyesha imefaulu. Ya Thunderbolt nimefanya jioni yake, USB-C inachaji. Dbx nitafanya Jumapili ijayo, nikishatengeneza flashi mpya.

Asanteni sana, Mungu awabariki.

FundiBodi_Kkoo:

Hongera dada. Na ile desktopu ya kwenye kona usiitupe. Kama kilichoharibika ni chipu pekee, inaandikwa kwa kifaa cha nje chenye kibanio, bila kutegemea bodi kuwaka. Lazima tu usomwe kwanza ule mwandiko wa juu ya chipu, maana zipo za volti 3.3 na za 1.8, na ukikosea unaiunguza. Nipigie picha ya bodi, jina la modeli lisomeke, uiweke hapa.