Nina selimundu, naomba vyuo vya Marekani: niseme au ninyamaze?

BintiMbagala
Shikamooni wakubwa, naombeni ushauri. Niko form six PCB hapa Dar, nina selimundu (sickle cell) toka utotoni. Nataka kuomba vile vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili mpaka kwa wageni maana nyumbani hatuna uwezo. Shida ni form five, muhula wa pili nililazwa mara tatu, nikakosa wiki sita, matokeo yakashuka, fizikia D. Siku ya pepa miguu iliuma mpaka nikaomba kuandika nimesimama. Mwalimu mmoja kasema nisitaje ugonjwa, wataniona mzigo. Sasa nisiposema si wataniona mvivu?

Kaka wa Tabata
Marahaba mdogo wangu, pole sana. Dada yangu ana selimundu, aliomba akapata. Kisheria hawaruhusiwi kukuuliza ugonjwa kabla ya kukupokea, wewe ndo unaamua. Yeye aliandika kwenye kile kisehemu cha maelezo ya ziada cha Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, sentensi nne tu, nililazwa lini, nikakosa nini, nikarudi, alama zikapanda vipi, basi. Halafu mwalimu akathibitisha kwenye barua yake, na hapo ndo penye uzito maana si wewe unayejitetea. Ile insha ya maneno 650 akaandika habari za bibi yetu na matuta yake ya mchicha bonde la Msimbazi, hospitali hakuitaja kabisa. Kama unafanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, omba mapumziko ya ziada mapema, majibu yanaweza kuchukua wiki saba.

Mama Salma
Mwanangu mimi wangu pia ana selimundu, nakuuliza kitu kimoja, baridi umeiwaza? Wangu kiyoyozi cha basi tu kinamwamshia maumivu, usiku mzima namkanda magoti kwa kitambaa cha moto. Theluji miezi minne je? Angalia jina la chuo ila angalia na hospitali iliyo jirani. Atlanta kuna hospitali ya Grady, wana kitengo cha selimundu cha saa 24 toka 1984, na chuo cha Emory kiko mji huohuo. Ulizia na bima kama inalipia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu, ufadhili wa ada peke yake usiukubali.

BintiMbagala
Asanteni sana, mama baridi sikuiwaza hata kidogo. Matroni ana daftari la siku zote nilizolala sick bay, kesho naenda nalo kwa mwalimu wa darasa aandikie barua. Kliniki yangu ni Alhamisi, nitamuomba na daktari karatasi za kuombea mapumziko ya SAT.