Naomba ushauri: maikrofoni ya kurekodi gitaa kavu nyumbani
Hamjambo ndugu zangu. Niko Kondele, Kisumu, na napiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, kwa vidole viwili, gumba likishika besi. Nina maikrofoni ya Shure SM57 niliyonunua ikiwa imetumika. Nikiiweka sentimita 30 kutoka freti ya 12 kwenye shingo ya gitaa, besi inasikika lakini nyuzi nyembamba zinafifia. Ule mlio wa ukucha ukigusa waya haupo kabisa, na kwangu huo ndio omutibo wenyewe.

Nafikiria kununua Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, yaani maikrofoni inayohitaji umeme na inayonasa hata sauti ndogo. Kifaa changu cha kurekodia kinatoa volti 48 inazohitaji, kwa hivyo hapo niko sawa. Wasiwasi wangu ni chumba: mabati bila dari, na bodaboda hazilali. Kondensa si itanasa hayo yote? Aliyewahi kurekodi kwenye nyumba ya mabati anielekeze, tafadhali.