Akala ya huyo bwana imeniharibia Jumamosi, na sitanyamaza

Wanajamvi, naandika nikiwa ndani ya matatu ya Rongai, mikono ingali inatetemeka. Mnamjua. Yule wa kofia ya sufi, anayeendesha kila mjadala wa falsafa mjini kana kwamba Nairobi nzima ni shamba la babake. Leo kavua akala. Mbele ya watu wazima! Kainua juu: "Mfungamano wa kwantumu, yaani chembe mbili ndogo mno kuhusiana hata zikiwa mbali, ndio huu. Moja natuma Kisumu, nyingine Mombasa. Wa Kisumu akifungua akikuta ya kushoto, anajua ya Mombasa ni ya kulia. Kwisha."

Nikanyoosha mkono, kwa adabu: "Mwalimu, na hoja ya mwanafizikia Bell je?" Akanitazama kama mende kwenye uji. "Dada, kwani wewe unaamini juju?"

Ukumbi ukacheka mpaka chai ikamwagika. JUJU! Mimi!

Akala ilikuwa ya kushoto tangu kwa fundi. Chanzo ni kimoja, kilichopita, hakuna fumbo. Lakini akala huiulizi ila swali moja. Kwenye chembe, kila upande unachagua kati ya maswali mawili, na John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba ukidai chembe zilitoka nyumbani na majibu yote, hata ya swali ambalo ungaliliuliza na hukuliuliza, na kwamba swali la huku haligusi jibu la kule, basi mahusiano yao yana kikomo. Kwa hesabu ya 1969, inayoyapa mahusiano hayo alama, kikomo hicho ni 2. Nadharia ya kwantumu inaruhusu hadi karibu 2.83. Kule Delft, Uholanzi, 2015, elektroni zilizotengana kilomita 1.3 zilitoa 2.42. Nionyesheni akala ya 2.42! Einstein mwenyewe alihangaika na jambo hili tangu 1935, mimi nikiuliza naitwa mtu wa juju. Na aliishika akala ile kwa vidole viwili, akanitikisia usoni.

Kijana_Umoja: 😂😂 Dada, ungalinyamaza usingalichekwa. Sababu si hiyo?

Mwenye uzi: Cheka tu. Kwangu hiyo "ungali" yako inaonyesha sababu kwa kuwa mkono wangu ulitangulia kicheko. Lakini kule Delft vipimo vya pande mbili vilifanyika karibu pamoja, hivi kwamba hata mwanga usingefika kutoka huku hadi kule, na watazamaji wawili wanaokwenda kwa kasi tofauti wanaweza kukataana kipi kilianza. Sasa chanzo ni kipi? Na huwezi kutumia mfungamano huo kupeleka hata salamu. Mimi sikusema chembe zinaongea. Nilisema akala haitoshi. Akaniita wa juju!

FundiRedio: Dada yuko sawa, ila aongeze: Bell alichukulia pia kwamba maswali yanachaguliwa bila kufungamana na chembe zenyewe. Ukikataa hilo, hesabu inaachia. Wachache wanalikataa, na mimi siwalaumu.

Mwenye uzi: Asante ndugu. Hoja kama hiyo ningeipokea kwa mikono miwili. Nimepewa akala.

MamaWawili_Kayole: Huyo mzee mimi alinikalia kiti, akamaliza mandazi yangu, kisha akanieleza Aristotle. Mandazi matatu!

Kijana_Umoja: Mama, kama usingemwekea sahani karibu...

MamaWawili_Kayole: Wewe kijana nitakutafuta.

BabaYao: Alifika kwa miguu au kwa matatu? Maana nauli ya jioni wameipandisha tena, na makanga ananiambia "mzee, shuka utembee." Mimi, na magoti haya!

Otis_Stage: Na mvua ikinyesha wanaongeza mara mbili. Mvua ndiyo sababu, au tamaa?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwa juju. Alinitikisia AKALA USONI.

MamaWawili_Kayole: Stima imepotea kwetu tangu jana, nachaji simu kwa jirani. Nyama yote ya friji imeharibika.

Otis_Stage: Pole mama. Ila akala yenyewe ilikuwa nzuri? Ya tairi, au zile za ngozi?

Kijana_Umoja: Ya tairi, nilikuwepo. Soli nene kweli.

BabaYao: Hizo ni za Kariokor. Zangu zilikatika kamba wiki ya pili, na fundi akataka nilipe tena. Nani ana fundi mwaminifu?